Umri wa Pasipoti, Sindano ya Begani: Historia ya Wazee wa Pwani na Chanjo za Safari

Wadau, hii twende nayo taratibu maana ina mambo mengi.

Kila msimu wa Hija ukikaribia, kuna swali linazuka kwenye nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe. Siku hizi linaangukia kwa vijana, kwa sababu vijana ndio wenye simu janja, ndio wanaojaza fomu, na mara nyingi ndio wanaochangishana nauli. Swali lenyewe: bibi au babu achanjwe nini kabla ya kupanda ndege, na mwili wake wa miaka 70 utaihimili hiyo sindano? Si Hija peke yake. Kuna mama anayeitwa na binti yake Uingereza kumlea mjukuu, kuna mzee anayekwenda India kutibiwa moyo, kuna yule mfanyabiashara mstaafu ambaye bado anapeleka mzigo Lubumbashi na haambiliki. Wengi tunajibu kwa kusikia. Jirani kasema, shangazi kasema, sauti ya WhatsApp isiyojulikana imetoka kwa nani imesema.

Mimi naona jibu liko kwenye historia. Kila chanjo anayodaiwa msafiri leo ilianza na watu waliokufa njiani, na kila kikomo cha umri kina sababu iliyoandikwa mahali.

Tuanze na neno lenyewe. Chanjo linatokana na kuchanja, yaani kukata. Tunachanja kuni, na waganga wetu walichanja chale na kupaka dawa kwenye damu tangu enzi na enzi. Kwa hiyo sindano ya kizungu ilipofika Pwani ilikuta neno lipo linaisubiri. Wazaramo hawakuhitaji kufundishwa kwamba dawa inaweza kuingilia kwenye ngozi. Walichohitaji kujua ni nani anayechanja, na anataka nini.

Halafu jiografia. Kama hujawahi kufikiria, Kibaha na Kisarawe zimekaa mlangoni. Karne ya 19, ukitoka Bagamoyo au Dar es Salaam kuingia bara ilikuwa lazima ukatize Uzaramo. Misafara ya pembe na watumwa, wapagazi mamia kwa mamia, wote walipita humu. Na walichobeba hakikuwa pembe tu. Ndui ilitembea na misafara, ikiacha vijiji vya pembeni ya njia vikiomboleza. Leo ukipita Maili Moja ukaona malori yamepangana kuelekea Morogoro, ni njia ileile kwa sura nyingine.

Sasa kipindupindu. Mwaka 1865 kililipuka Makka wakati wa Hija. Hesabu inayotajwa sana ni mahujaji 15,000 waliofariki kati ya 90,000 hivi. Jiulize hiyo ni nini: katika kila watu 6 mliotoka nyumbani, mmoja harudi. Waliobaki walirudi makwao kwa meli za mvuke, zilizokuwa na kasi kuliko jahazi, na ugonjwa ukarudi nao. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Konstantinopoli, Istanbul ya leo, kujadili hilo tu: namna ya kuwazuia mahujaji wasisambaze kipindupindu.

Na sisi hatukupona. Mwisho wa 1869 kikaingia Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, James Christie, aliandika kitabu kizima kuhusu hilo, kikachapishwa 1876. Alichokifanya kilikuwa kama upelelezi: aliuliza wafanyabiashara, akafuatilia njia ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu, ukashuka bara kwa kupitia nchi ya Wamasai, ukatokea Pangani pwani, ndipo ukavuka bahari kuingia mjini. Kutoka Unguja ukarudi tena bara na misafara. Yaani Pwani ilipigwa huku na huku.

Jibu la wakubwa wa dunia lilikuwa karantini. Kuanzia 1882 serikali ya Waturuki ilifungua kituo kwenye kisiwa cha Kamaran, upande wa kusini wa Bahari ya Shamu karibu na Yemen. Hujaji aliyetoka kusini, awe Mhindi, Mjava au mtu wa pwani yetu, alishushwa pale, nguo zake zikapigwa mvuke, akakaa siku kadhaa kwenye joto lile, na akalipishwa ada juu. Malalamiko yalikuwa mengi na yameandikwa. Mzee aliyekuwa amehifadhi akiba maisha yake yote alifika pale akiwa hana uhakika kama pesa iliyobaki itamfikisha.

Hapa ndipo mimi nauona mwanzo wa hadithi yetu. Mpaka leo mzee wa Kisarawe akikabidhiwa kadi ya njano, anakabidhiwa mbadala wa Kamaran. Karatasi ilikuja ili mtu asifungiwe kisiwani.

Karatasi yenyewe ilipata sura yake tarehe 25 Mei 1951, Shirika la Afya Duniani lilipopitisha kanuni moja ya nchi zote. Ilihusu magonjwa 6, yakiwemo tauni, kipindupindu, ndui na homa ya manjano. Msafiri akawa na kitabu kidogo cha kugongewa mihuri. Chanjo ya kipindupindu ilikuja kuondolewa kwenye masharti 1973, kwa sababu sindano ya wakati ule haikuzuia ugonjwa kusambaa. Watu walichomwa, kadi zikagongwa, na kipindupindu kikaendelea kuvuka mipaka bila kuuliza kadi. Sisi wenyewe tulipata mlipuko mkubwa 1977 na 1978.

Ndui ndiyo ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1972 hujaji mmoja alirudi Yugoslavia kutoka Makka akipitia Iraq, hakujua kama anaumwa. Watu 175 wakaugua, 35 wakafa, na serikali ile ikachanja watu milioni 18 kwa wiki chache. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kawaida duniani alikuwa jirani yetu, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Mei 1980 ikatangazwa rasmi kwamba ndui imekwisha, na baada ya hapo hakuna aliyedaiwa tena kadi yake.

Mwangalie bibi yako begani. Kama amezaliwa kabla ya miaka ya 70 kuna uwezekano ana alama ya duara, imedidimia kidogo. Inaweza kuwa ya ndui, inaweza kuwa ya BCG, ile ya kifua kikuu ambayo hata wewe unayo. Ninachosema ni kwamba huyu mwanamke unayedhani haelewi chanjo ameshachanjwa kabla wewe hujafikiriwa, na kuna ugonjwa mmoja mzima uliofutika duniani kwa sababu watu kama yeye walitoa bega.

Halafu utasikia mtu anasema wazee wa Pwani ni wabishi wa asili. Hapana bwana. Kuna kitu kinaitwa mumiani.

Kwa wasioijua: enzi za ukoloni, pwani yote na hadi Nairobi, watu waliamini kuna watu wanakamata wengine usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Dar es Salaam lawama ziliangukia sana kwa wazima moto. Wanahistoria wameyachukulia mazungumzo yale kwa uzito, na kwa maoni yangu wako sahihi. Mtu anayeishi chini ya serikali ambayo hakuichagua, inayomtoza kodi na kumpeleka kazi za nguvu, halafu anamuona mtu wa serikali anakuja na sindano na vichupa, atahitimisha nini? Mzee aliyezaliwa 1947 alikua akizisikia hadithi hizo kila usiku. Ukimletea leo habari ya sindano ya haraka kabla ya safari, usimcheke akikuuliza mara tatu imetoka wapi.

Baada ya Uhuru upepo ulibadilika, na Kibaha ilikuwa katikati ya mabadiliko hayo. Mwaka 1963 nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha pamoja na Tanganyika mradi ambao leo tunauita Shirika la Elimu Kibaha: shule, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Serikali ikaupokea rasmi 1970. Ile Tumbi unayopelekwa ukipata ajali ya bodaboda imetokana na hapo. Kwa kizazi kile sindano ikaanza kuwa na sura ya nesi anayeitwa kwa jina na anayekaa mtaa wa pili. Na kwa taarifa yako, Kibaha hiyohiyo leo inatengeneza chanjo, ila za mifugo. Ile ya mdondo wa kuku inatoka hapo. Kuku wetu wanachanjwa bila mjadala kabisa.

Sasa tufike kwenye homa ya manjano, maana hapa ndipo umri unapoingia na ndipo watu wengi wanapochanganya.

Virusi vyake vilipatikana 1927 kutoka kwa mgonjwa mmoja wa Gold Coast, Ghana ya leo. Miaka 10 baadaye timu ya Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, ilipata chanjo kutokana na virusi vilevile vikiwa vimedhoofishwa maabara. Theiler akapewa Nobel 1951. Chanjo tunayotumia hadi leo ni uzao wa ile. Ni chanjo nzuri mno: sindano moja, kinga ya miaka mingi. Tangu Julai 2016 cheti chake kinatambulika maisha yote, kwa hiyo kama mama alichanjwa 1998 na kadi yake ipo, usikubali mtu amwambie imeisha muda kwa sababu miaka 10 imepita.

Lakini ina historia yake ya majanga pia, na lazima tuiseme. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliwachanja askari wake kwa chanjo iliyochanganywa na maji ya damu ya binadamu. Damu ile ilikuwa na homa ya ini. Askari wapatao 50,000 wakaugua manjano. Waliotaka kuepuka homa ya manjano wakageuka njano kwa ugonjwa mwingine, yaani. Baada ya hapo maji ya damu yaliondolewa kwenye utengenezaji.

La pili lilijulikana taratibu. Kumbuka nilisema ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa karibu watu wote mwili unavishinda bila shida. Labda kichwa kuuma na kahoma siku mbili tatu. Mwaka 2001 madaktari wakaripoti kwenye majarida ya kitabibu kundi la watu ambao kwao chanjo ilizaana mwilini na kuharibu ini, figo na viungo vingine, karibu kama ugonjwa wenyewe. Walipotafuta wanafanana kwa nini, umri ukajitokeza. Hesabu za Marekani zilionyesha kwamba kwa wenye miaka 60 hadi 69 wanaochanjwa, tatizo hili linampata kama mtu 1 katika kila laki moja. Kwa wenye 70 na kuendelea, kama watu 2. Na karibu nusu ya wanaopatwa hufariki. Tatizo hilo huja kwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza. Aliyewahi kuchanjwa zamani hayuko kwenye hesabu hiyo.

Mtu 1 kwa laki ni mdogo sana. Barabara ya Morogoro inaua kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo, na tunaipanda kila siku. Ila swali la mzee linakaa hivi: unamuweka kwenye hatari ndogo ya sindano ili umkinge na nini? Kama anakwenda msitu wa Kongo ambako ugonjwa upo, sindano inashinda kwa mbali. Kama anakwenda mahali ambapo ugonjwa haupo, na anachanjwa kwa sababu tu mtu fulani alisema eapoti wataulizia, hesabu inageuka.

Januari 2019 daktari bingwa wa saratani wa London, mtu aliyeheshimika sana kwenye fani yake, mwenye miaka 67, alifariki ghafla muda mfupi baada ya kuchanjwa homa ya manjano. Habari ile ilitikisa. Kama daktari mwenyewe imemkuta, mwalimu mstaafu wa Mlandizi je? Mwaka huohuo Uingereza ikakaza mwongozo: mwenye miaka 60 na kuendelea achanjwe pale tu ambapo hatari ya kuupata ugonjwa ni ya kweli na haiepukiki.

Upande wa pili wa shilingi ni 2016. Homa ya manjano ililipuka Angola ikavuka hadi Kongo, na chanjo ikapungua duniani mpaka Kinshasa ikabidi watu wapewe dozi iliyopunguzwa ili itoshe. Wafanyakazi wa Kichina waliokuwa Angola bila kinga walirudi China na ugonjwa. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mpakani wanaangalia kadi kwa macho makali, na kwa nini kadi ya kununua mtaani ni upuuzi wa hali ya juu. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 kwa kutilia shaka kadi zao, ikazuka vita ya kidiplomasia mpaka Pretoria ikaomba radhi. Sasa mweke babu yako kwenye foleni ile, ana kadi aliyoletewa na dalali, haelewi anaulizwa nini.

Kwa Hija yenyewe sindano kubwa ni nyingine: ya uti wa mgongo. Mwaka 1987 ugonjwa huu uliwapiga mahujaji Makka, na waliorudi nyumbani wakarudi na vijidudu kooni bila kujua. Miaka miwili iliyofuata aina ileile ikaonekana kwenye milipuko ya Chad, Sudan, Ethiopia na Kenya. Saudi Arabia ikafanya chanjo iwe sharti. Mwaka 2000 na 2001 ikaja aina tofauti, inayoitwa W135, ambayo chanjo ya wakati ule haikuigusa. Katika wimbi la 2000 wagonjwa zaidi ya 400 wakaripotiwa nchi mbalimbali, wengine ni watu ambao hawakwenda Hija kabisa, waliambukizwa na waliorudi. Ndio maana tangu 2002 sharti ni chanjo ya aina nne kwa mpigo, ile inayoandikwa ACYW135.

Hili la waliobaki nyumbani huwa linasahaulika. Bibi anaporudi, kila mtu anataka kumkumbatia, watoto wachanga wanapakatwa, nyumba imejaa wiki nzima watu wanakunywa maji ya zamzam. Mwaka 2024 wagonjwa 12 wa uti wa mgongo walihusishwa na safari za Umra, wa Marekani, Ufaransa na Uingereza. Wengi hawakuwa wamechanjwa, na miongoni mwao walikuwemo watu ambao hawakusafiri, walikaa tu na waliosafiri.

Habari njema kwa wazee: chanjo hii haina kijidudu hai. Haina ile hatari ya umri niliyoieleza kwa homa ya manjano. Mkono kuuma, uchovu, basi. Presha na kisukari havimzuii mtu kuchanjwa. Kwa hiyo mtu akikwambia mzee wako asichanjwe chochote kwa sababu ya umri, amechanganya chanjo mbili tofauti kama Mbagala na Mbezi.

Na sasa korona, ambayo ndiyo iliyowaumiza wazee wa Pwani kuliko yote, na si kwa homa peke yake.

Juni 2020 Saudi Arabia ilitangaza hakuna hujaji kutoka nje. Mwaka mmoja kabla walikuwa karibu milioni 2.5. Mwaka 2021 tena, watu 60,000 tu, wakazi wa kule, waliochanjwa, umri miaka 18 hadi 65. Huku kwetu Januari 2021 Rais Magufuli akiwa Chato alizitilia shaka chanjo za korona hadharani, na serikali haikuagiza. Machi akafariki. Tarehe 24 Julai 2021 zikashuka dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, na tarehe 28 Rais Samia akachomwa mbele ya kamera Ikulu, Dar es Salaam. Wa kwanza kwenye foleni walikuwa wahudumu wa afya, wenye maradhi sugu na watu wa miaka 50 na kuendelea. Mzee yuleyule aliyeambiwa Januari kwamba chanjo haiaminiki akaambiwa Julai kwamba yeye ndiye atangulie. Mimi simlaumu aliyesita. Serikali ilikuwa moja, redio ileile.

Wengine walichanjwa kwa sababu moja tu: Makka. Na ilikuwa sababu nzuri. Aprili 2022 Saudi ikatangaza mahujaji milioni moja, wa nje wakiwemo. Shangwe. Halafu ukisoma chini: awe amekamilisha chanjo ya korona inayotambuliwa, awe na kipimo cha ndani ya saa 72, na awe chini ya miaka 65.

Soma hilo la mwisho tena ukiwa Maneromango au Masaki. (Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na korosho. Siyo ile ya kwenu ya kupiga picha.) Mkulima aliyekuwa na miaka 63 mwaka 2019, amekaribia kumaliza akiba, akasema mwakani inshallah. Mwakani ikafungwa. Mwaka uliofuata ikafungwa. Ya tatu ikafunguliwa, yeye ana 66. Amechanjwa, kadi anayo, pesa anayo, na mlango umefungwa kwa sababu ya namba iliyo kwenye pasipoti.

Na namba yenyewe! Hapa ndipo pananigusa. Mtu aliyezaliwa kijijini mwaka 1956 au 1957 mara nyingi hakupewa cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa msimu wa mvua fulani, mwaka ambao fulani alifariki, kaka yake akiwa ameshaanza kuchunga. Alipokuja kutafuta pasipoti karani alimuuliza mwaka, wakakadiria, ikaandikwa. Ndiyo maana wazee wengi ni wa tarehe 1 Januari au 1 Julai. Siyo kwamba nchi nzima ilizaa siku hizo. Kadirio la karani miaka ya nyuma likaja kuamua nani asimame Arafa Julai 2022 na nani abaki kuangalia kwenye TV. Mwaka mmoja tu wa juu au wa chini.

Saudi hawakuutunga umri ule hewani. Korona iliua wazee kuliko vijana, hilo halina ubishi, na umati ule ni mkubwa. Bado naona sharti lilikuwa butu: mzee wa miaka 66 aliyechanjwa na mwenye afya aliwekwa kapu moja na asiyeweza kutembea, wakati kijana wa 40 mwenye figo mbovu alipita. Januari 2023 kikomo kikaondolewa. Waliokuwa bado na nguvu wakaenda mwaka ule. Kwa wengine familia ilibidi izungumzie hija ya badali, mtu mwingine akuhijie kwa niaba yako.

Basi ukiwa na mzee wa kusafiri sasa hivi, haya yote yanakupa nini mkononi?

Anza na tiketi kabla ya sindano. Kwa kweli hili watu hawalijui. Shirika la Afya Duniani halijaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, lakini Kenya na Ethiopia zimo. Nchi nyingi, ikiwemo yetu wakati wa kurudi, zinadai kadi kwa aliyetoka nchi ya orodha au aliyekaa eapoti yake zaidi ya saa 12. Kwa hiyo tiketi ya bei poa inayomlaza bibi Addis Ababa au Nairobi usiku kucha inaweza kumletea sharti la chanjo ambalo tiketi ya moja kwa moja isingemletea. Elfu kadhaa ulizookoa zimeshaamua suala la kitabibu. Kila nchi ina orodha yake na inaibadilisha, tena zipo zinazoihesabu Tanzania kivyao, kwa hiyo uliza ubalozi au ofisi ya afya ya mipakani kwa safari ile mahususi.

Kama ana miaka 60 na zaidi, hajawahi kuchanjwa homa ya manjano na kadi inadaiwa, apelekwe kwa daktari kwanza, asipelekwe dirishani moja kwa moja. Aseme dawa zote anazotumia. Mwenye matatizo ya tezi ya thaimasi, anayetumia dawa za kushusha kinga, aliye kwenye matibabu ya saratani, mwenye mzio mkali wa mayai, huyo sindano hii siyo yake. Kanuni za kimataifa zinaruhusu cheti cha msamaha wa kitabibu, kinaandikwa na kugongwa muhuri kwenye kadi ileile ya njano. Nchi anayokwenda haijafungwa kukikubali, kwa hiyo hilo nalo liulizwe mapema. Akichanjwa, cheti kinaanza kuhesabika baada ya siku 10.

Uti wa mgongo pia siku 10 kabla ya kufika, ila kwa mzee mpe nafasi zaidi, mwili wa umri ule unajibu polepole. Nesi aandike kwenye kadi ni chanjo ya aina gani. Zipo za miaka 3 na zipo za miaka 5, na isipoandikwa mezani wanahesabu 3. Mafua na korona Saudi wanazisisitiza kwa wazee. Mimi ningezichukua zote mbili, zile za mikusanyiko ya watu wanaokohoa ndizo zinazolaza wengi hospitali za kule.

Jua halina chanjo. Hija ya Juni 2024 ilipoteza watu 1,301 kwa takwimu za Saudi wenyewe, joto likiwa kali mno, wengi wao wakiwa wamekwenda bila vibali na hivyo bila mahema ya kupumzikia. Mwavuli, maji, na kundi lenye kibali.

Kadi ipigwe picha pande zote, iwe kwenye simu yako na ya mzee. Yenyewe ikae kwenye mkoba wa shingoni na pasipoti, isiingie kwenye begi kubwa. Begi huwa linatangulia Jeddah, na mwenye begi amekwama dirishani.